Mapanki Mbele ya Baba Mkwe

Baba mkwe alipokuja kutoka Ukerewe kutibiwa macho, mimi niliwaza samaki kabla ya daktari. Kwao mgeni wa heshima hawekewi vipande. Anawekewa sato mzima, kichwa kikimwelekea, na mkamwana ndiye anayempelekea. Na huyu mzee amevua tangu ujana wake.

Asubuhi nikatoka nyumbani Pasiansi kwenda mwaloni, samaki wanakoshushwa. Wapi! Sato wa maana walikuwa wameshapakiwa kwenye gari la barafu. Wale wanaofugwa vizimbani humo humo ziwani nao wana wenyewe, watu wa mitaji. Nikamwomba mchuuzi mmoja anibakizie hata mdogo. Akacheka, "Dada, hawa ni wa hoteli. Nikufungie mapanki?"

Mapanki ni kichwa na mifupa ya sangara, yanayobaki viwanda vikishatoa minofu na kuisafirisha nje. Ndiyo tunayokula siku hizi. Ziwa naliona nikiwa naanika nguo, halafu samaki wake ananishinda bei. Nilikasirika mpaka machozi yakanilenga, lakini nikanunua.

Niliyakaanga, nikayaunga kwa nyanya na karanga, nikazidisha mchuzi makusudi ili yajifiche. Nikapiga magoti, nikamnawisha mzee mikono, nikakimbilia jikoni. Huko nikawa namsikia akifyonza mifupa taratibu. Nilipofuata vyombo akasema, "Asante, mama." Sikuweza kumtazama usoni. Niliona aibu, jamani, aibu ya kukosa pa kuweka mikono.

Jioni akampigia simu mama mkwe, kwa sauti ile ya wazee wanaodhani simu haifiki mbali. Nilikuwa nasonga ugali, nikasikia kila neno.

"Wamenipokea vizuri. Sato mzima, mnono kweli. Kichwa nimekimaliza mwenyewe."

Mwiko ukanisimama mkononi. Mzee huyu sijawahi kumsikia akidanganya hata ukubwa wa samaki aliyemponyoka. Leo anadanganya kwa ajili yangu, tena anamdanganya mkewe.

Akaniita, akaninyooshea simu. "Mama yako anataka kukushukuru."

"Mwanangu, Mungu akubariki," mama mkwe akasema. "Nilikuwa na wasiwasi huko mjini atalishwa nini."

Mzee alikuwa ameinama, anajifanya anatafuta kiatu chake.

"Usijali, mama," nikajibu. "Huku kwetu samaki si tatizo."