Mwenye Kuutaka Auchukue

Sitakulazimisha uamini. Mimi mwenyewe, kama ungenisimulia wewe, ningekutazama kwa huruma na kukuuliza kama siku hizi unalala vizuri. Nimesoma chuo kikuu, nimefundisha historia kwa miaka mingi, na nimeandika makala gazetini nikiwacheka watu wanaoogopa kupita mahali fulani saa fulani. Lakini haya yalinipata mimi, hapa hapa Isiolo, nikiwa na akili zangu timamu na viatu vipya vya mazoezi. Viatu ninavyo bado. Ukija nyumbani kwangu, mtaa wa Wabera, nitakuonyesha. Nitakuonyesha pia mkono wangu wa kushoto, ambao ndio ushahidi wenyewe, ila huo nitaufikia baadaye.

Mambo yalianza na picha. Mwalimu mwenzetu alikuwa anastaafu, tukasimama mbele ya ofisi tukapigwa picha, na nilipotumiwa kwenye simu nikaona mama mmoja mnene sana amesimama pale nilipokuwa nimesimama mimi. Nikamtumia binti yangu aliye Nairobi, nikitarajia anifariji. Akanijibu kwa video za wanawake wanaoruka kamba na kunywa vitu vya kijani. Chini yake akaandika: “Mama, jipende kwanza.”

Basi nikaanza kujipenda. Kama hujawahi kujaribu, nikwambie ni kazi ya sulubu. Asubuhi nilikunywa maji moto yenye limau na tangawizi, eti ya kuleta nguvu. Mchana sikula. Jioni nilikula yai, nikilitazama kwa muda kwanza ili lidumu. Nywele nilizisuuza kwa maji ya mchele, nikazipaka kasil, ule unga wa majani ambao wanawake wa Kisomali hujisugulia, nikaenda kwa Kinya, msusi wangu, akanisuka mistari myembamba ya kurudi nyuma. Mimi ni Mborana, Muislamu, na mjane. Nywele hizo zilikuwa zinaonwa na Kinya, na mimi, na kioo cha bafuni. Bado nilizisuka. Nina, au tuseme nilikuwa na, mkanda wa mvi juu ya sikio la kushoto ulionianza nikiwa msichana. Kinya alikataa kuupaka rangi. “Hii ni alama yako, mwalimu,” alisema. “Hata ukipotea tutakujua nayo.”

Nikanunua mizani, nikaisukuma chini ya kitanda. Kilichobaki kilikuwa kukimbia.

Umewahi kumwona mama wa makamo akikimbia Wabera bila kufukuzwa? Hata watu wa Wabera hawakuwa wamewahi. Siku ya kwanza vijana wa boda walisimamisha pikipiki.

“Mwalimu! Nani anakufukuza?”

“Panda nyuma tumkwepe!”

“Mwacheni, amesahau ugali kwa jiko!”

Nikatafuta saa ambayo barabara haina watu, nikaipata. Ni magharibi, wanaume wakiwa msikitini na watoto wameshaitwa ndani. Kuna njia ya vumbi nyuma ya nyumba zetu inayopita kando ya kiwanja kitupu chenye migunga na mawe. Mtoto yeyote wa kwetu angekwambia saa hiyo haitembelewi. Mama yangu alinikataza kutoka nje saa hiyo kabla sijajua kusoma. Nami pia nilipaswa kuwa kwenye mkeka wa swala, hilo najua. Lakini nilikuwa najipenda.

Nilimkuta amesimama kando ya njia. Mwanamke aliyekonda, Mungu wangu, aliyekonda hata mtandio ulimning'inia kana kwamba umeanikwa kwenye mti. Nilidhani ni mmoja wa wale walioingia mjini baada ya ukame kumaliza mifugo yao.

“Nagaa,” akanisalimu kwa Kiborana, yaani amani.

“Nagaa,” nikajibu, nikihema.

Akaniuliza nakimbia nini. Nikamwambia nakimbia unene. Hakucheka. Akanitazama kutoka miguuni hadi usoni, taratibu, kama mtu anayetazama ng'ombe mzuri wa jirani.

“Unataka kuutupa?”

“Leo hii. Mwenye kuutaka auchukue,” nikasema. Nilijiona mcheshi. “Chukua na nywele pia, zinanisumbua tu.”

“Umesema kwa moyo mmoja?”

“Kwa moyo mmoja, dada.”

Akanishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi, ile baridi ya mtungi uliokaa kivulini. Akaniambia yeye ni wa Korbesa, kijiji cha mbali upande wa Merti. Mifugo ilipokwisha aliwaacha watoto wake watatu kwa nyanya yao akaja mjini kutafuta. Sasa anataka kurudi kwao, ila nguvu za kutembea hana. Nikasema pole. Nikanywa maji yangu ya limau, nikafunga chupa, nikaendelea kukimbia. Naomba uikumbuke chupa hiyo.

Wiki ile mizani ilianza kushuka. Nilifurahi mno! Nguo zililegea. Majirani waliuliza nakunywa nini, nami nikawaeleza habari za tangawizi kwa kirefu. Nilianza hata kuandika makala ya kuisifu. Mwanamke yule nilikutana naye tena na tena, mahali pale pale, na kila mara nilimwona amepata nafuu kidogo. Mashavu yalijaa. Mtandio ulimkaa. Nilidhani amepata msamaria wa kumlisha, nikafurahi kwa ajili yake pia. Ndivyo nilivyokuwa mwerevu.

Kisha kupungua kukakataa kusimama. Nilianza kula mchana, haikusaidia. Nikala usiku, haikusaidia. Darasani nilikuwa nainua mkono kuandika ubaoni, unaanguka, naushikilia kwa mkono wa pili. Nilikaa kwenye kiti jikoni nikashindwa kuinuka mpaka chai ikakauka kwenye sufuria. Kinya aliponifumua nywele, zikaja na kitana. Alizikusanya kwenye gazeti akanipa nikazichome, na nilipofika nyumbani na kulifungua, gazeti lilikuwa tupu.

Hospitali walinipima kila kitu kinachopimika. Daktari, kijana mpole, akageuza karatasi zangu mbele na nyuma. “Sukari sawa, damu sawa, presha hata mimi naitamani. Mama, wewe kula tu.”

Lakini nilikuwa nakula! Niamini. Nilikuwa nakula kama wavulana wa bweni, na nilikuwa nakwisha.

Jioni moja nikajikokota hadi kwenye ile njia. Sikwenda kukimbia, miguu ilikuwa haina hamu hiyo tena. Nadhani nilikwisha kujua, ila elimu yangu ilikuwa bado inabisha. Alikuwepo, ananisubiri. Upepo ukapiga, mtandio ukamteleza kichwani, nikaona mistari myembamba ya kurudi nyuma, kazi ya mkono wa Kinya kabisa. Juu ya sikio la kushoto kulikuwa na mkanda wa mvi.

Aliinua mkono wa kushoto kuuweka mtandio sawa. Mkono mnene, wa kupendeza. Kwenye mkono huo kulikuwa na kovu la moto lenye umbo la kijiko. Kovu hilo nililipata Garbatulla nikiwa mtoto, siku nilipoangukia birika la chai.

“Nirudishie,” nikasema.

“Ulinipa kwa moyo mmoja.”

“Nilikuwa natania!”

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, bila hasira. “Mimi sikujua ni utani,” akasema. “Kwetu mtu hatanii na chakula.” Kisha akasema kwa upole, kama anayemliwaza mgonjwa: “Vumilia. Ni mbali. Imebaki kidogo tu nitoshe.”

Unaelewa kilichobaki kidogo ni nini? Kilichobaki kidogo kilikuwa mimi.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nilimpigia simu dada yangu Talaso, Garbatulla. Talaso anauza maziwa ya ngamia, ana sauti ya mnada, na hajawahi kupanda mizani maishani. Kesho yake akashuka mlangoni kwangu na madumu yake. Begani alikuwa ameangika chicho cha marehemu mama yetu, kile chombo cha maziwa kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi. Mkanda wake ulikatika zamani, na Talaso akaushona kwa uzi wa nailoni wa buluu, kazi mbaya kweli, ambayo nimemcheka kwayo miaka yote.

Alisimama mlangoni.

“Nimekuja kumwona mdogo wangu,” akasema. “Wewe ni nani?” Kisha akaona sicheki. Akakaa chini, akaanza kulia.

Nilimweleza yote. Nilitegemea aseme twende kwa sheikh, na kwa sheikh tulikwenda, akatusomea, Mungu amlipe. Lakini tuliporudi Talaso alikuwa bado ananikazia macho.

“Alipokusimamisha mara ya kwanza, ulimpa nini?”

“Si nimekwambia? Mwili.”

“Kabla ya huo mwili, mjinga wewe! Mtu ametoka Korbesa, ana njaa, amekusalimu nagaa. Ulimpa nini?”

Nikaikumbuka ile chupa. Nilisimama mbele ya yule mwanamke nayo mkononi, hata tone sikumpa. Na kama ningemkaribisha nyumbani ningempa nini? Limau? Kasil? Kwenye jokofu kulikuwa na mayai niliyoyahesabia siku. Mimi, binti wa mama ambaye hakuwahi kumwacha mpita njia aondoke na mdomo mkavu, nilikuwa nimeshughulika sana kukataa chakula hata nikasahau kuna anayekiomba. Hakuniomba mwili. Mwili ndio tu niliomwonyesha kuwa sina haja nao.

Talaso akajaza chicho hadi shingoni. Magharibi tukatoka, yeye akinishika kiunoni. Kwenye kona ya nyumba ya mwisho nikamwambia abaki. Alibaki akisoma dua kwa sauti ya juu, kama anayegombana.

Nilimkuta. Akajongea haraka, mkono umeshanyooka kunishika kifundo. Nikamwekea chicho mkononi mwake.

“Karibu maziwa,” nikasema. “Nimechelewa. Nisamehe.”

Alikinusa kwanza, ule moshi wa ndani unaofukiziwa vyombo vya maziwa, na uso ukamlegea. Akanywa akiwa amesimama. Akatua, akavuta pumzi, akaketi kwenye jiwe, akanywa tena. Nilisikia kila funda. Sijui alikunywa kwa muda gani, maana chicho kile si kikubwa, lakini giza lilikuwa limeingia aliposema: “Hiki kilichobaki nitawapelekea watoto.”

Kuhusu mwili wangu sikuthubutu kuuliza. Yeye ndiye aliyesema.

“Nilichovaa siwezi kukivua sasa, dada. Njiani nitaanguka. Lakini sitachukua kingine.”

“Vaa,” nikamwambia. Na hilo, niamini, nililisema kwa moyo mmoja.

Akafunga mtandio, akaangika chicho begani, akaelekea kaskazini kupitia katikati ya migunga. Alitembea kwa mwendo wangu. Kila mtu anayenijua anaujua, ninaburuta kidogo mguu wa kulia.

Talaso alifunga mlango kwanza. “Nilikuona wewe,” akasema. “Wewe wa mwaka jana, umekaa kwenye jiwe unakunywa maziwa.” Tangu siku hiyo hajakubali kuzungumzia tena alichokiona.

Nguvu zilirudi polepole. Leo naandika ubaoni, na kwenye kiti cha jikoni nainuka bila kuomba msaada. Unene haukurudi. Nakula, Talaso ananiletea maziwa na nyama, mizani haisogei. Wanawake hunisimamisha sokoni wanipongeze na kuniuliza siri, nami nasikia baridi kwenye kifundo cha mkono. Nywele zimeota, ila juu ya sikio la kushoto pameota nyeusi tupu. Na kovu langu la kijiko, nililokuwa nalo tangu utotoni, halipo. Mahali pake ngozi ni laini kama ya mtoto mchanga. Daktari aliuliza nilifanyiwa upasuaji wapi.

Baadaye Talaso alipata habari kupitia wachuuzi wa mifugo wanaokwenda Merti. Aliulizia, kwa sababu yeye hawezi kukaa bila kuulizia. Ni kweli kulikuwa na mama wa Korbesa aliyekuja Isiolo wakati wa ukame asirudi. Aliugua, akafa, akazikwa huku huku na watu wasiomjua. Sijataka kujua walimzika upande gani wa kile kiwanja. Watoto wake, wasichana watatu, wanalelewa na nyanya yao. Asubuhi moja nyanya aliamka akawakuta wamesukwa wote, mistari myembamba ya kurudi nyuma, mtindo wa mjini ambao hakuna anayeujua pale kijijini. Mlangoni kulikuwa kumeangikwa chicho asichokifahamu, na mkanda wake ulishonwa vibaya kwa uzi wa buluu. Akawauliza ni nani aliyekuja usiku. Mdogo wao ndiye aliyejibu.

“Ni mama,” alisema. “Amenenepa.”

Sijaomba chicho kirudishwe, na mwili siudai tena.

Lakini wewe unayesoma haya, pengine na limau lako pembeni, nisikilize. Punguza ukitaka kupunguza, suka ukitaka kusuka, sikukatazi. Usiutukane tu mwili wako mbele za watu, hasa jioni, hasa barabarani, kwa maana hujui anayekusikiliza amekaa na njaa tangu lini. Weka maziwa ndani ya nyumba hata kama wewe hunywi. Na mtu mwembamba akikusimamisha, akuulize kama huo mwili unataka kuutupa, usifanye ucheshi. Mwambie unautaka, wote, na umkaribishe anywe.