Nguo za Abilio

Mama yetu, Maximina Ccorahua, tulimzika wiki tatu zilizopita hapa Huanta, kwenye milima ya Peru. Mungu amlaze pema. Wengi mlimjua kwa viazi vyake sokoni. Mimi bintiye nataka mjue na hili.

Kwetu, siku ya tano baada ya mtu kufa, ndugu hupeleka nguo zake mtoni kuzifua. Ukishafua, umekubali kwamba amekwenda. Mama hakukubali. Kaka yangu Abilio alichukuliwa na watu wenye bunduki mwaka 1984, akiwa na miaka kumi na tisa. Shati lake na poncho, vazi lake la sufu la kujitanda mabegani, vilikaa sandukuni miaka thelathini, vina jasho lake bado. Mama hakumlilia hata siku moja. "Nimlilieje mtu aliye hai?" alikuwa akisema.

Hakujua kusoma. Kila Jumapili, baada ya Misa, nilimsomea riwaya ya mwanamke aitwaye Rosenda, aliyejificha pangoni na wanawe wakati wa vita. Mama alimenya viazi huku akimkaripia.

"Usiwashe moto, we mjinga! Wataona moshi!"

Siku moja jirani yetu Ignacia akacheka mlangoni. "Wee Maximina, unagombana na karatasi?"

"Nyamaza. Si wewe uliyepiga chafya tulipojificha kwenye zizi la mbuzi, nusura tuuawe sote?"

Ignacia akaketi. Jumapili iliyofuata alikuja mapema kuliko mimi.

Mwishoni Rosenda alifia pangoni. Nikafunga kitabu.

"Nani alimfulia?" Mama akauliza.

"Hakijasema."

"Tazama tena."

"Mama, ni hadithi. Hakuna Rosenda."

"Basi aliyeandika alijuaje baridi ya pangoni?" Akalia, kisu bado mkononi, kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake.

Ilipofika siku ya Marehemu Wote, alimwomba katekista amtaje Rosenda kanisani pamoja na marehemu wetu. Katekista akaandika jina. Sikumzuia. Tulipotoka, Mama akasema, "Sasa twende tukamfulie."

"Utafua nini, mwenzangu?" Ignacia akamtania. "Kurasa?"

Hata mimi nilicheka. Mama hakucheka. Aliingia chumbani, akakaa humo kitambo. Alipotoka alikuwa amekumbatia shati na poncho la Abilio.

"Rosenda hana nguo," alisema. "Nitamwazima hizi."

Tulishuka naye mtoni. Poncho alilifua mwenyewe. Shati alilishikilia puani, akalishusha, akalirudisha tena puani, kisha akanipa.

"Kola anza wewe, mwanangu. Mimi siwezi."

Nikasugua kwa sabuni. Maji yakawa ya kahawia, kisha yakawa meupe. Ndipo akanipokonya, akamalizia mikono ya shati mwenyewe, akaitandaza juu ya jiwe kama anayemlaza mtoto.

Tukapiga magoti kusali. "Raha ya milele umpe, ee Bwana," nikaanza, nikasubiri amtaje Rosenda.

"Abilio," Mama akasema. "Mwanangu Abilio."