Mapichi ya Kopo

Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu nilikuwa mjinga wa daraja la juu, na cheti cha kuthibitisha hivyo nilikuwa nacho. Somo langu lilikuwa sayansi kimu. Nilitoka chuoni na daftari la jalada gumu lenye mapishi arobaini na ushei, yote nimeyanakili kwa mkono na kuyapigia mistari kwa rula, na nililiamini daftari lile kuliko nilivyomwamini mama aliyenizaa. Nikapangiwa shule ya wasichana pale pale Karatu, mwendo wa robo saa kutoka nyumbani kwetu.

Lakini nilikuwa mwalimu wa majaribio. Mkaguzi angekuja kutoka Arusha, aniangalie nikifundisha kipindi kimoja cha vitendo, aandike ripoti. Ripoti ikiwa nzuri, nathibitishwa na nabaki Karatu. Ikiwa mbaya, nahamishwa, na mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kuninong'oneza nafasi ilikokuwa wazi: Sale, mbali kule ng'ambo ya Ngorongoro. Sale nilikuwa sijaitia mguu hata siku moja, ila nilikuwa nimeshaidharau. Watu niliwaambia kwamba siwezi kumwacha mama peke yake. Uongo mtupu! Mama alikuwa na nguvu za kulima ekari mbili kwa jembe la mkono. Mimi ndiye niliyekuwa siwezi kuachana na chai yake.

Barua ya mkaguzi ilifika Januari inaishia, ikinitaka nichague pishi. Mtu mwenye akili zake angechagua mandazi. Mimi nikachagua kobla ya mapichi. Kobla, kwa wasioijua, ni matunda yaliyolala chini na sukari, yakafunikwa kwa madonge ya unga wa ngano uliofikichwa na siagi, kisha vyote vikaokwa mpaka juu pakauke na chini pachemke. Chuoni tuliipika mara moja, na mkufunzi alitupa kila mmoja kijiko kimoja. Kwa kijiko hicho kimoja nilijiona mtaalamu.

Daftari lilisema: kopo moja kubwa la mapichi. Sasa nisikilize vizuri. Ilikuwa ni msimu wa mapichi. Nyuma ya nyumba ya mama kulikuwa na miti sita ya mapichi, imeinama kwa kuzidiwa. Karatu nzima ilinuka mapichi. Mbuzi walikuwa wanayala, nguruwe wa jirani walikuwa wameyachoka, watoto walikuwa wanatupiana. Na mimi, mwalimu wa upishi, nikakaa kitandani na daftari langu nikijiuliza, jamani, kopo la mapichi nitalipata wapi?

Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya themanini, ambapo madukani kulikuwa na rafu, muuza duka na kalenda. Sukari tuliipata kwa orodha. Kopo la matunda hata ungelitaja mtu angekucheka. Ila nilikuwa na mjomba, mdogo wake mama, mtunza stoo katika hoteli moja ya watalii kule juu Ngorongoro, ukingoni mwa kreta. Jumamosi nikadandia lori la mboga linalopeleka mahitaji hotelini. Nikaketi juu ya magunia ya kabichi, katikati ya madebe manne ya mapichi ya Karatu yanayopelekwa huko huko. Njiani nilikula mapichi manne. Nilikuwa natema kokwa barabarani, huku nikipanga maneno ya kumwomba mjomba mapichi.

Juu kulikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio. Mjomba alinipokea akiwa amevaa koti la wizara gani sijui, limemfika magotini. Nilipomweleza shida yangu alikuna kidevu. "Ya kopo ni kazi, mwanangu," akasema. "Yamebaki machache. Wazungu hawayataki kabisa, wanalia wapewe haya mabichi kutoka kwenu. Ya kopo tunawawekea wakubwa wetu wanapokuja kwa semina." Hakucheka aliposema hivyo, na mimi sikucheka. Niliona ni jambo la kawaida kabisa, na nikamheshimu mjomba zaidi kwa kutunza vitu vya wakubwa.

Akaingia ndani, akatoka na kopo moja kubwa. Karatasi yake ilikuwa imebanduka kwa unyevu. Akaapa kwa kaburi la bibi kwamba ni mapichi, analijua kwa uzito. Nilirudi nalo nimelipakata mapajani. Jumatatu nikalionyesha darasani, wasichana thelathini na wawili wa kidato cha pili, nikalipitisha kila mmoja alishike. "Hiki," nikawaambia, "ndicho kifaa cha kitaalamu." Walilishika kwa mikono miwili.

Mama yangu, aayo kama tunavyomwita mama sisi Wairaqw, aliposikia habari za safari yangu aliweka chini mchi wake. "Umekwenda Ngorongoro kutafuta mapichi?"

"Ya kopo, aayo. Ndivyo somo linavyotaka."

"Na yale nyuma ya nyumba ni mawe?"

Nikamweleza habari za sharubati nzito, za vipimo, za usafi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama chuoni walitufundisha pia kutafuna.

Siku ya mkaguzi shule iliamka na wazimu. Wasichana wote walitolewa nje kufyeka nyasi na kupaka chokaa mawe ya njiani, maana huku kwetu elimu huanzia kwenye mawe. Mimi nilibaki peke yangu katika chumba cha upishi, na tanuri. Tanuri letu lilikuwa la umeme, zuri, jeupe, zawadi ya wafadhili. Umeme wenyewe ulikuwa haujafika. Tulilifunika kwa kitambaa cha kufuma na ndani tulihifadhi chaki. Kuoka tulioka jikoni nyuma, kwa sufuria na makaa, kama watu wote.

Saa mbili asubuhi nikafungua kopo ili nijipange. Njegere.

Nilikaa chini sakafuni. Njegere za kijani, zimepangana zinanitazama, na mkaguzi anafika saa nne. Nililia, tena kwa sauti, nikiiona Sale hiyo inakuja mbio. Ndipo mama akaingia na ndoo kichwani. Alikuwa amemletea mgeni zawadi ya mapichi, kwa adabu tu, kama anavyopelekewa mgeni yeyote. Akachungulia kopo. Akachungulia uso wangu. Mama yangu alicheka mpaka akashika ukuta. "Mjomba wako," akasema akijifuta machozi, "tangu utoto alikuwa hajui kutofautisha ndama na mbwa." Kisha akajifunga kanga kiunoni, akaniambia niache ujinga, niteleke maji.

Akayatumbukiza mapichi kwenye maji yanayochemka, akayatoa, na maganda yakabanduka yenyewe. Mapichi yetu ni madogo, meupe ndani, nyama imeng'ang'ania kokwa; inataka kisu chepesi na subira, na mimi nilikuwa sina hata kimoja. Alikata yeye. Nikamwambia ya kopo huwa ya manjano, haya yatatuumbua. Akaunguza sukari kidogo kwenye sufuria mpaka ikawa kahawia, akamimina mapichi na maji yake, na rangi ikaja, manjano ya kuiva kabisa. Siagi nilikuwa nayo kipande kama sabuni ya kuogea. Akaongeza samli yake mwenyewe. Unga nilifikicha mimi, nikisoma vipimo daftarini, na kila nilipogeuza kisogo aliongeza kiganja kimoja. Tukafunika, moto kidogo chini, makaa mengi juu ya mfuniko. Mimi nilishika saa. Mama alikaa kwenye kigoda na kunusa. Dakika zangu zilikuwa bado kumi aliposema, "Toa." Nikabisha. Akaitoa yeye. Ilikuwa imeiva, juu imepasukapasuka na utamu unatokota kwenye nyufa. Nilimkumbatia. Nilimwambia ameniokoa, na siku hiyo nilikuwa namaanisha.

Halafu nikafanya hivi. Niliondoa chaki kwenye tanuri, nikaingiza kobla mle ndani, nikafunga mlango.

Mkaguzi alikuwa mnene wa heshima, suti ya mikono mifupi, kalamu tatu mfukoni. Wasichana walikuwa wamepanga mistari, vidole vyao vina chokaa. Nilifundisha nusu saa, kisha nikavaa glavu, nikafungua tanuri baridi, nikatoa kobla ya moto. Chumba kizima kilijua hakuna umeme. Mkaguzi alijua, waya wa tanuri ulikuwa umeviringishwa juu yake na kufungwa kwa utepe. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Safi sana," akasema. "Vifaa vinatumika."

Akaonja. Akaonja tena. Akamaliza sahani, akaongezewa, akaimaliza na hiyo. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake iliyobaki nusu, anamwangalia anavyokula, na uso wake ulikuwa umechangamka kwa fahari.

Mkaguzi akajifuta midomo, akawageukia wasichana. "Mnaona, mabinti? Hii ndiyo tofauti. Haya mapichi yenu ya huku ni ya kulisha nguruwe. Hayana ladha, hayana usafi. Upishi wa kitaalamu unataka bidhaa ya kitaalamu." Akanigeukia. "Ni ya kopo haya, sivyo, mwalimu?"

Niliwaangalia wasichana. Wote walikuwa wamelishika lile kopo. Nikamwangalia mama. Bado alikuwa anatabasamu, maana alijua nitakachosema.

"Ndiyo, Ndugu Mkaguzi," nikasema. "Ya kopo."

Mama aliinama, akainua ndoo yake, akaondoka nayo. Zawadi hakuitoa.

Jioni nilipofika nyumbani alinimiminia chai kama kawaida. "Ni ya maziwa ya ng'ombe wa hapa hapa," akasema. "Sijui kama utaiweza." Nikajaribu kucheka. Hakucheka. "Yule mtu sina neno naye, hanijui," akasema. "Wewe umekula mapichi yangu tangu hujaota meno." Nikamwambia ilikuwa ni kwa ajili ya kazi, kwa ajili ya kubaki karibu naye. Akaniambia ninywe chai, itapoa.

Nilithibitishwa. Ripoti ilinisifu kwa nidhamu na matumizi ya vifaa, na ikaagiza wanafunzi wote warudie zoezi lile lile kwa vitendo, wakiwa katika makundi. Mwalimu mkuu akataka lifanyike upesi. Nikasimama ubaoni, chaki mkononi, na ningeweza kuandika neno moja tu, mapichi. Mkaguzi alikuwa amekwisha kurudi Arusha. Nikaandika: kila kundi, kopo moja la mapichi. Nilijua hawatalipata. Hesabu yangu ilikuwa kwamba watakuja mikono mitupu, nami nitajifanya kuwahurumia, niwaruhusu wachume ya nyumbani, na hakuna atakayeniuliza kitu. Nilijiona mjanja kweli.

Asubuhi ya zoezi, kabla ya kengele, nilimkuta mzee mmoja amekaa kwenye benchi nje ya ofisi. Nilimjua kwa sura: kibarua wa shamba la kahawa, mtu wa Singida, binti yake alikuwa kiongozi wa kundi la kwanza. Alikuwa amevaa koti la kanisani na miguu yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini. Alisimama haraka, akavua kofia. "Shikamoo, mwalimu."

Mtu wa rika la baba yangu. Na mimi nikasema, "Marahaba."

Akaniambia ametafuta kopo Karatu nzima, duka hadi duka. Amemwagiza dereva wa Arusha, dereva amerudi bure. Amefika mpaka geti la Ngorongoro kwa miguu, askari wakamcheka. Aliomba sana binti yake asitolewe kwenye somo kwa kosa la baba yake. Kisha akainua kikapu kutoka chini ya benchi, akafunua kitambaa cheupe. Mapichi, yamechumwa alfajiri hiyo, yamefutwa moja moja mpaka yanang'aa.

"Najua hayafai, mwalimu," akasema. "Binti amenieleza kwamba ni ya nguruwe. Nimeleta tu angalau ajifunze kumenya, wakati naendelea kutafuta yale yenyewe."

Palikuwa hakuna mtu mwingine pale. Mwalimu mkuu alikuwa hajafika. Barua ya kuthibitishwa ilikuwa ndani ya mkoba wangu, imegongwa muhuri, na hakuna binadamu angeweza kuninyang'anya. Ukweli ungechukua pumzi moja.

Nikapokea kikapu. Nikamwambia, kwa ile sauti ya mtu anayesamehe, kwamba kwa leo tu, yatafaa.

Alinishukuru mara tatu.