Darasa la Mwalimu Edvina

Mama yangu, Mwalimu Edvina Kahangwa, alifundisha darasa la tatu hapa Maruku miaka thelathini na minne. Sasa amestaafu, na kumbukumbu zake nazo zimestaafu. Mimi Joviana, mwanawe wa pekee, ninayempikia ndizi zetu za ebitoke na kumwogesha, ananiita "wewe binti". Inaniuma, sifichi. Ninachotaka ni anitambue, hata mara moja tu.

Anaowakumbuka ni wasichana wa katuni ya Kijapani. Nilijaziwa kwenye flashi nilipokuwa chuoni Bukoba, na nimeirudia mpaka mume wangu akanichoka. Humo hafi mtu wala haolewi mtu. Wasichana wanne wa sekondari wanasahau madaftari, wanagombania mkate, wanasinzia wakati wa hesabu, basi. Nilidhani ni utoto wangu tu kuipenda. Mama alipoiona mara ya kwanza alicheka hadi machozi, na tangu siku hiyo hali chakula mpaka niiwashe.

Kipindi kikianza, wasichana husimama na kumwinamia mwalimu wao. Mama hujibu, "Marahaba, kaeni." Kijapani hakimsumbui hata kidogo. Anawajua kwa tabia: huyu mvivu, yule mropokaji, yule wa nywele fupi anaonewa. Amewapa hadi majina, na hakosei. Nami nimekaa pembeni, mtu mzima mzima, nawaonea wivu watu wa kuchorwa!

Jumapili iliyopita, tulipotoka misa, nikapata wazo. Kama wanaosalimia ndio wanaotambuliwa, basi nami nitasalimia. Wasichana waliposimama, niliingia kutoka uani, nikapiga magoti kando ya runinga kama alivyonifundisha mwenyewe nikiwa mdogo.

"Shikamoo, mwalimu."

Alinigeukia. Niliona kabisa kwamba kuna kitu kinamjia.

"Mbona umechelewa?" akauliza.

"Nisamehe, waitu," nikajibu kwa heshima ya Kihaya.

"Kila siku wewe! Wenzako wote wako ndani." Akanionyesha mlango kwa kidole. "Toka. Kesho uje na mzazi wako."

Nilitaka kumwambia kwamba mzazi ninaye mmoja tu, naye ndiye huyu anayenifukuza. Nikainuka.

"Ndiyo, mwalimu," nikajibu, nikatoka kusimama uani, nikimsikia akicheka na wanafunzi wake.