Jezi Kumi na Saba za Pinki

Saa kumi na mbili asubuhi Tsonka Radulova anausukuma kwa bega mlango wa chumba cha kufulia, maana kitasa kimeharibika tangu majira ya baridi na hakuna aliyejisumbua kukitengeneza. Anawasha taa, anavua koti, anavaa kandambili. Kisha anainama mbele ya mashine na kutoa jezi moja moja, akizikung'uta na kuzitundika kwenye kamba iliyopita juu ya bomba la joto. Jezi ni kumi na saba. Zote ni za pinki.

"Usiandike pinki," anasema bila kugeuka. "Andika nyeupe. Kwenye karatasi za chama cha mpira mpaka leo ni nyeupe."

Tsonka ana miaka sitini na mmoja. Anafua jezi, soksi na taulo za Bistrena, timu ya daraja la tatu ya mji wa Gorna Bistrena, chini ya milima ya Balkani. Zamani alifanya kazi kiwanda cha nyuzi, kule mtoni. Kiwanda kilipofungwa, nusu ya mji iliondoka na masanduku yake, yeye akabaki, na miaka ishirini na moja iliyopita akapata kazi hii. Mshahara ni leva mia saba na hamsini kwa mwezi.

"Si pesa ya kujengea ghorofa," anasema. "Lakini hapa wananiita shangazi. Kiwandani nilikuwa namba."

Katika miaka yote hiyo hajawahi kuona mechi hata moja mwanzo hadi mwisho. Mpira ukichezwa, yeye yuko ndani akipasha chai, akikunja taulo, akisugua soksi za kipindi cha kwanza. Chumba chake kiko chini kabisa ya mbao za jukwaa, na mchezo anaufuata kwa miguu ya watu walio juu ya kichwa chake. Wakisimama wote kwa pamoja, kuna hatari. Wakikanyaga mbao mpaka vumbi lidondoke kwenye beseni, ni goli la Bistrena. Wakinyamaza, wamefungwa.

"Kona inasikika kama jirani anahamisha kabati," anasema.

Mwezi Machi mwaka huu Bistrena ilifika robo fainali ya Kombe la Bulgaria, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka 1974. Ikapangiwa Metalik ya Sofia, timu ya ligi kuu yenye basi la ghorofa mbili, na mechi ikapangwa nyumbani, Gorna Bistrena. Mji mzima ulipata wazimu. Wazimu wa Tsonka ulikuwa wa aina yake, kwa sababu siku ileile ya kupangwa kwa mechi simu yake iliita, na aliyepiga alikuwa Krasen, mwanawe wa pekee.

Krasen ana miaka thelathini na minane na anafanya kazi kwenye ghala la matunda huko Hispania. Alikuwa hajafika nyumbani kwa miaka sita. Kila Pasaka anasema anakuja, na kila Pasaka haji: mara zamu, mara nauli, mara mtoto ana homa.

"Mama, nakuja," alisema.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama! Tunacheza na Metalik!"

Alikuwa amepata ruhusa ya siku tatu, yeye na wenzake saba aliosoma nao, wote waliotawanyika huko nje. Wangefika Jumanne, waangalie mechi Jumatano saa tisa alasiri, na saa kumi na moja jioni gari dogo lingewachukua kuwapeleka uwanja wa ndege wa Sofia. Tsonka alipiga hesabu ya saa atakazokuwa na mwanawe, akaziona chache, akazipiga tena.

Sasa ili kuelewa kilichompata, lazima ikumbukwe kwamba ilikuwa Machi. Tarehe mosi kila mtu huvaa martenitsa, uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja, na hauvuliwi mpaka macho yako yaone korongo au mti uliochanua. Kuuvua kabla ya hapo ni kujitafutia mkosi. Lakini refa haruhusu mchezaji kuingia uwanjani na kitu mkononi. Kwa hiyo kila mwaka Tsonka hukata vipande vya martenitsa na kuvishona ndani ya pindo la kila jezi, mahali ambapo refa haangalii. Kabla ya kufua anavifumua kwa mkasi mdogo, na jezi zikikauka anavishona tena.

Miaka yote hiyo uzi mwekundu ulitoka kwenye rili moja kubwa aliyoibeba kutoka kiwandani siku ya mwisho ya kazi. Mwaka huu rili iliisha, akanunua uzi mwingine sokoni.

"Uzi wa kiwanda chetu haukuwahi kuchuja," anasema, na bado ana uchungu. "Hata ungeuchemsha."

Jumanne ile alikuwa amezipanga jezi nyeupe mbele yake, zenye tope la mechi ya Jumamosi, mkasi ukiwa mkononi. Simu ikaita. Krasen. Ndege imewahi kutua, basi lao litaingia stendi baada ya dakika arobaini. Tsonka anakumbuka kwamba aliziingiza jezi kwenye mashine. Anakumbuka alizungusha kitufe. Baada ya hapo anakumbuka yuko stendi, na kandambili miguuni, na theluji inayeyuka, na mwanamume mwenye kipara kinachoanza anashuka kwenye basi na kumwita mama.

Walikula pilipili hoho zilizojazwa na maharage ya chungu. Krasen alilala kwenye kitanda chake cha utotoni, miguu ikining'inia nje. Tsonka alikaa kwenye kiti akamwangalia tu, wala haoni aibu kulisema.

Asubuhi alifungua mashine. Nyuzi hazikuwa zimefumuliwa, na wekundu wake ulikuwa umeingia kwenye kila jezi.

"Nilikaa hapo chini sakafuni," anasema. "Kitufe kilikuwa kwenye joto la tisini."

Alijaribu jezi moja kwa dawa ya madoa, namba kumi na sita. Ikawa ya manjano, na nembo ya timu ikabanduka. Akaacha. Seti nyingine ya Bistrena ni nyekundu iliyoiva, na Metalik huvaa nyekundu. Tena ilishaandikwa na kupigwa muhuri kwamba wenyeji watavaa nyeupe. Timu isiyo na jezi zinazokubalika inapoteza kwa mabao matatu ya mezani. Mechi isingechezwa. Na Krasen angekuwa amevuka Ulaya nzima kuja kuangalia uwanja mtupu, kwa mkono wa mama yake mwenyewe.

Wazo la kusingizia mashine lilimjia, anakiri. Mashine ina miaka kumi na tisa, nani angebisha? Lakini nyuzi zilikuwa zinaning'inia kwenye mapindo, zimepauka, zinamwangalia. Akampigia nahodha.

Rusalin Chakarov, beki wa kati na dereva wa basi la shule, alifika mbio. Alichukua jezi moja, akaigeuza huku na huku, akainusa.

"Inanukia vizuri," alisema.

"Usinitanie, Rusalin. Nimewaua."

"Hujatuua, shangazi. Wanaokuja kutuua ni Metalik. Wewe umetuvalisha tu."

Kocha Misho Venkov, ambaye asubuhi hufundisha mazoezi ya viungo shuleni, hakuwa na utani. Sauti yake ilisikika mpaka kwenye duka la mikate.

"Miaka hamsini tunangoja robo fainali! Miaka hamsini! Halafu wewe unanipikia jezi kwenye bitiruti!"

Tsonka akatoa ufunguo wa chumba mfukoni, akauweka juu ya mashine. Misho aliutazama ufunguo, akamtazama na mwenye ufunguo, akakalia ndoo iliyopinduliwa.

"Rudisha mfukoni," alisema. "Mechi ikiisha nani atafua? Mimi? Nipe kahawa."

Saa saba na nusu mchana waliingia kamisaa wa mchezo, refa, na kiongozi mmoja wa Metalik mwenye koti refu. Nyuma yao alikuja mzee mfupi amebeba begi: Vangel, mtunza vifaa wa Metalik, mwenye miaka sitini na sita. Refa alitundika jezi ya pinki na jezi nyekundu ya wageni ukutani pamoja, akarudi nyuma hatua ishirini kwenye korido, akakunja macho.

"Kwa mbali zinachanganyika," alisema. "Siwezi kuruhusu."

Kiongozi wa Metalik aliinua mabega. Alisema anasikitika, lakini taratibu zipo, na wao walishatuma barua ya rangi yao. Rusalin alitaka kujibu, Misho akamshika mkono.

Vangel ndiye aliyeiteremsha jezi ya pinki ukutani. Aliipapasa kama wanavyofanya watu wa kazi hiyo, akaligeuza pindo, akakuta uzi.

"Nani anashona hizi?"

"Mimi," Tsonka alijibu.

"Na unazifumua kila ukifua?"

"Kila mara. Isipokuwa jana."

"Jana kulikuwa na nini?"

"Mwanangu alikuwa anashuka kwenye basi. Miaka sita sijamwona. Amekuja kuangalia mechi hii, saa kumi na moja anaondoka."

Vangel alilikunja tena pindo. "Wangu yuko Kanada," alisema, si kwa yeyote hasa.

Akatoka. Aliporudi alikuwa anakokota sanduku, na ndani ya sanduku mlikuwa na jezi za bluu.

"Bosi," alimwambia mwenye koti refu, "hizi nyekundu zimeingia mafuta ya gari. Siwezi kuwavalisha vijana vitu vichafu mbele ya kamera. Bahati nzuri nilibeba hizi."

"Mafuta? Mafuta yako wapi?"

"Yapo, bosi. Niamini mimi, hii ndiyo kazi yangu."

Mafuta hayo, Tsonka anasema, hakuna binadamu aliyeyaona mpaka leo. Badala ya kumshukuru Vangel kwa maneno, alimpa kipande cha banitsa, mkate wa tabaka wenye jibini, kilichofungwa kwenye karatasi. Mzee alikila hapohapo amesimama.

Watu elfu tatu waliangua kicheko timu ilipotoka imevaa pinki. Mashabiki wa Sofia waliwaimbia wimbo wa kubembeleza watoto. Kijana aliyepangiwa namba kumi na sita alikaa jukwaani kwa kukosa jezi, na mpaka leo anamnunia Tsonka kidogo. Metalik walipata goli mapema. Kipindi cha pili, dakika ya hamsini na nane, vumbi lilidondoka kwenye beseni la Tsonka, vumbi la kutosha kabisa, akapiga kelele peke yake katikati ya taulo.

Dakika tisini ziliisha kwa sare ya goli moja moja. Zikaja thelathini za nyongeza, na saa ilikuwa inakaribia kumi na moja.

"Nilitaka iishe tushinde," anasema. "Na nilitaka isiishe kabisa. Nilikuwa nakunja taulo ileile mara tatu."

Nje, dereva wa gari dogo alianza kupiga honi. Mlango ukasukumwa, akaingia Krasen na begi begani. Alikuwa amekuja kuaga. Alitazama mabomba, kamba, ndoo, chumba ambacho alikuwa hajakiona tangu alipokuwa anaokota mipira nyuma ya goli.

"Mama, unaona nini humu?"

"Sioni. Nasikia. Kaa, utasikia na wewe."

Alikaa kwenye ndoo. Tsonka alimpa banitsa iliyobaki, akaila kwa vidole. Honi ililia, akamtumia dereva ujumbe, honi ikalia tena kwa hasira. Mama akawa anamtafsiria: hapo wamevuka nusu, hapo Rusalin ameanguka, usijali, anaamka, hapo ni kona. Krasen alicheka, akamlalia mama yake begani, mwanamume mzima mwenye kipara. Walikaa hivyo kwa zaidi ya nusu saa. Tsonka anasema hiyo ndiyo mechi aliyoiona.

Dakika ya mia moja na kumi na tatu, juu ya vichwa vyao miguu yote ilinyamaza.

"Wametufunga," Krasen alisema.

"Nimesikia."

Wala hakuna kati yao aliyeinuka mpaka filimbi ya mwisho. Ndipo Krasen akambusu mama yake mikono miwili, ambayo hunukia sabuni siku zote, akakimbilia garini. Wenzake walikuwa wamempa dereva chupa mbili za rakia, pombe kali ya matunda, ili asiondoke.

Sasa ni mwishoni mwa Aprili. Uongozi ulitaka kununua jezi mpya nyeupe, wachezaji wakakataa mpaka msimu uishe. Wanadai pinki inawapa goli. Tsonka amenyoosha jezi ya mwisho, amezima pasi, anamimina kahawa ya pili. Mlangoni amesimama kocha Misho, amefuata taulo za mazoezi, na Tsonka anamuuliza swali ambalo, kwa maelezo ya Misho, humuuliza kila wiki: Kombe linapangwa lini tena?

"Agosti, shangazi. Lakini sisi tunaanzia chini. Lazima kwanza tushinde raundi mbili za ugenini ndipo tukutane na wakubwa."

"Na hao wakubwa, tutacheza nao hapa?"

"Inategemea bahati ya kura. Kwa nini hujawahi kuniuliza tutashinda au la?"

Tsonka anampa taulo. Kwenye simu, siku ya Pasaka, Krasen hakusema safari hii kwamba mwaka ujao atakuja. Alisema mkipangiwa mkubwa nyumbani, nakata tiketi siku hiyohiyo.

"Kushinda hao wakubwa, mtajua wenyewe," anamwambia kocha. "Mimi nipeni hizo raundi mbili."

"Na tusipopata kura ya nyumbani?"

"Basi mwaka mwingine mtashinda tena mbili," anasema, na anarudi kwenye mashine yake, anahakikisha kitufe kiko kwenye thelathini.