Kipimo cha Nguruwe

Nikimsikia mtu anasema baruti ni baruti tu na risasi ni risasi tu, damu inanichemka mpaka leo. Shemeji yangu, mume wa dada, ndiye aliyeyasema hayo mbele ya baba, ameegemea nguzo ya baraza letu huku anaperuzi simu. Baba alimtazama tu. Na mimi nikamwacha aseme, eti namheshimu mgeni.

Baba ana gobori, ile bunduki ya kizamani ya kushindilia mdomoni. Lina kibali, na kazi yake ni kulinda shamba letu ng'ambo ya mto Pangani, kuliko na nyumba yake. Wanaotusumbua kule ni wa aina mbili. Kuna nguruwe pori, anayefukua mihogo usiku kucha kama aliyelipwa. Na kuna pongo, mwenye madoa meupe ubavuni na ukubwa wa mbuzi dume, anayekula kunde zingali changa. Nguruwe ni haramu kwetu, akifa amekufa. Jirani yetu Mkristo, mjukuu wa watu waliokuja zamani kukata mkonge, huja na toroli lake kumchukua, na siku hiyo kwake ni sikukuu. Pongo, tukipewa ruhusa na watu wa wanyamapori, tunamla wenyewe.

Kwa hiyo baba alikuwa na vipimo viwili vya baruti. Cha nguruwe kilikuwa kifuniko cha chupa ya mafuta ya nazi, na kiliendana na gololi kubwa. Cha pongo kilikuwa kifuniko cha chupa ya marashi, kidogo kabisa, na gololi yake ndogo. Gololi zote alizimimina mwenyewe kwa risasi aliyoyeyusha kutoka kwenye chubwi kuukuu, vile vizito vya nyavu, kisha akazibiringisha moja moja juu ya sinia la mama. Iliyokwenda upande aliirudisha motoni. Baruti aliinusa, akaisugua kiganjani, na ikiwa imeshika unyevunyevu wa bahari aliitupa bila kuionea huruma. Mama alikuwa akimwambia kwamba hata yeye hakuchaguliwa kwa makini namna hiyo.

Watu walidhani ni ubahili. Haukuwa ubahili hata kidogo. Pongo anatakiwa aanguke, asife. Lazima kisu kimkute ana uhai, achinjwe kwa bismillahi, damu iruke. Akifa kwa risasi kabla ya kisu, kwa baba huyo ni kibudu, na kibudu hakiingii jikoni kwake. Kipimo cha marashi kilimpa mchinjaji nafasi ya kukimbia na kufika. Na tangu nilipooa, mwenye kukimbia na kisu nilikuwa mimi. Nikirudi, baba aliniuliza swali lile lile kila mara: "Alipiga teke?" Nikisema alipiga, basi, kisu kilimkuta hai. Watu wote wa msikitini walikula nyama ya baba miaka na miaka bila kuuliza imechinjwa na nani.

Mikono yake ilipoanza kutetemeka, kifuniko cha marashi kikawa kinamwaga nusu mkekani. Nilimkuta siku moja anaokota chembe za baruti kwa ncha ya kidole, moja moja, nikatoka nje kwa sababu sikutaka anione uso. Mwezi ule ule tulikuwa na hitima ya mama, kutimiza mwaka tangu afariki. Tulikuwa tumepata ruhusa ya pongo mmoja, na baba alitaka wageni wale nyama hiyo, kwa kuwa mama aliipenda. Nani atapiga? Shemeji akajitolea. Alipitia mgambo, shabaha anayo, hilo simnyimi.

Tatizo lake lilikuwa ile simu. Dukani kwake mjini, Ngamiani, anakouza vioo na makava ya simu, wateja wakiadimika hushinda akitazama video za wazungu wa nchi za baridi wakiwinda paa wakubwa wenye pembe kama matawi. Wazungu wale hujaza risasi zao wenyewe, wanabishana aina hii ya baruti na ile, risasi ya ncha laini na ya ncha ngumu, ipi inaua papo hapo. Papo hapo! Hilo ndilo neno alilotuletea. Alikaa barazani kwa baba na kumfundisha kazi mtu aliyeshika gobori kabla yeye hajazaliwa.

"Mzee, hivi vifuniko vya marashi ni mambo ya zamani. Mnyama apigwe alale."

"Akilala moja kwa moja, utamchinja nini?" baba akamuuliza.

"Mbona wapo masheikh wanasema ukisoma bismillahi wakati wa kufyatua inatosha?"

"Basi nyama hiyo ukawapelekee wao. Hapa kwangu ni kisu."

Nilidhani yamekwisha. Asubuhi ya hitima tulitoka watatu: shemeji, mimi na jirani wa toroli, ambaye anajua njia za pongo kuliko sisi sote. Shemeji alikuwa ameshalishindilia gobori peke yake, nyuma ya ghala. Sikumuuliza ametumia kifuniko kipi. Ningeuliza, ningejua, lakini nilikuwa nimebeba kisu na nilikuwa nafikiria wageni, maturubai, viti vya kuazima.

Pongo alisimama pembeni mwa kunde, hatua chache tu kutoka tulipojificha. Bunduki ilipolia nilijua hapo hapo. Nauelewa mlio wa kipimo cha marashi kama ninavyouelewa mlio wa mlango wetu, na ule haukuwa wenyewe. Moshi ulijaa mpaka nikakohoa. Nilikimbia kwa nguvu zangu zote, kanzu nimeikunja kiunoni, na nilipofika nikakuta tundu ubavuni linaloingia ngumi. Jicho limefunguka, halipepesi. Niligusa kope kwa kidole. Hakuna kitu. Nikachinja hivyo hivyo, na damu ikachuruzika tu kama maji ya bomba lililofungwa.

Shemeji akafika anahema. "Alipiga teke. Nimeona kwa macho yangu."

Umeona nini wewe? Umetumia kipimo cha nguruwe kwa nyama ya hitima ya mama yangu, halafu umeona teke? Hayo nimeyasema leo, kwenye karatasi.

Jirani alimtazama pongo, akaitazama damu, akasema kwa upole kabisa, "Basi ngoja nikalete toroli."

Alidhani ni wake. Anasali kanisani kila Jumapili, lakini sheria ya nyumba yetu aliijua barabara: kinachokufa kwa risasi ni chake. Shemeji akacheka. "Wako ni nguruwe, mzee wangu. Huyu ni wa wenye hitima." Jirani akanigeukia mimi. Alisubiri niseme. Nikainama nikamfunga pongo miguu.

Tulifika nyumbani saa tatu asubuhi. Akina mama walikata nyama, wakakaanga vitunguu, harufu ya pilau ikatanda mpaka barabarani. Niliteka maji, nikapanga viti, nikawasalimia wazee waliovuka na kivuko, shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba. Kila nilipopita karibu na jiko niligeuza shingo. Nilikuwa na hasira na shemeji, na hasira ile ilinipa kazi ya kufanya, kwa hiyo nikaifanya.

Kisomo kilipokwisha, masinia yakatolewa. Baba alinawa, akanyoosha mkono kwenye sinia, kisha akausimamisha hewani.

"Alipiga teke?"

"Alipiga, mzee, tena mara mbili," shemeji akadakia.

"Sikukuuliza wewe."

Watu wote walikuwa wananitazama, na sura ya mama inanijia akilini. "Hakupiga, baba."

Baba alinawa tena mkono ambao haujagusa kitu. Akawaomba radhi wageni, akasema masinia yarudi, na akina mama wakawasha moto upya kupika wali mweupe na maharage. Wageni walikula alasiri. Jirani aliitwa kwa mlango wa uani akapakia masufuria kwenye toroli, kichwa ameinamisha. Dada alilia kwamba nimemvua nguo mumewe mbele za watu, na hadi leo salamu zake kwangu zinapita kwa watoto. Shemeji aliondoka na kivuko cha jioni. Sijamsamehe, na sina haraka.

Baba hakunisema mbele ya wageni. Alingoja viti virudishwe. "Yule ni mjinga wa simu," akaniambia. "Lakini wewe ulijua. Chungu kimechemka masaa matatu nyuma ya nyumba yangu, hitima ya mama yako, na wewe unapanga viti."



Wiki iliyofuata tulikwenda polisi kuanza kuhamisha kibali, kwa kuwa mikono yake imekataa kabisa. Gobori alinipa mimi. Alinipa vifuniko vyote viwili, gololi, baruti na sinia la mama. Sasa nikitoka kwangu mjini, Mabawa, kwenda shamba, mimi ndiye ninayenusa, ninayesugua, ninayepima kwa kifuniko cha marashi, na sijakosea hata mara moja.

Kisu alimpa Mwislamu mwenzangu ninayesimama naye safu moja msikitini, mtu ambaye si hata ndugu. Nikifyatua, yeye ndiye anayekimbia. Na tukirudi, baba hunipita mimi, akamuuliza yeye kama mnyama alipiga teke.