Dawa Iliyobaki Kabatini

Zamani bwana mifugo alikuja na baiskeli, daftari na ukali wake, na haondoki mpaka umemweleza lini dozi itaisha na maziwa ya siku zile utayamwaga wapi. Leo dawa inauzwa duka moja na sabuni na viberiti, na anayeiuza hajui hata ng'ombe ana chuchu ngapi.

Mtu aliyeishi zama zote mbili ni yule mfugaji tuliyemwita Bwana Sindano. Alikuwa na ng'ombe watatu nyuma ya nyumba, na kabati la dawa aliloliheshimu kuliko kitanda chake. Hakusomea kazi hiyo. Alimtazama bwana mifugo akidunga, akaiga mkono. Masharti akayaacha kwenye daftari la mwenyewe. Mnyama akianza tu kula, anasimamisha dawa. "Ameshapona, ya nini kumalizia?" Kilichobaki anakifunga kwa kitambaa, kinarudi kabatini kumngoja mgonjwa mwingine. Mtaa mzima ulimsifu kwamba chupa moja mikononi mwake inatibu zizi zima. Sifa zikamlevya.

Mwaka ule ng'ombe mwekundu alivimba kiwele, maziwa yakatoka na mabonge. Dawa ya kiwele huja kwenye bomba dogo la plastiki, unaiminyia ndani ya chuchu. Akaminya siku mbili, uvimbe ukatulia, akaacha. Wiki haikuisha, ukarudi. Akabadilisha dawa, akaacha njiani vilevile, ukarudi na ukali zaidi. Mkewe ndiye aliyekamua siku zote. Asubuhi moja mnyama, kwa maumivu, akarusha teke, ukwato ukamchana mama wa watu mguu wa kushoto, juu ya kidole gumba.

"Nipeleke hospitali," mke akasema.

"Kwa mchubuko huu? Ukapange foleni, mama watoto, na daktari unaye ndani?"

"Daktari wa ng'ombe."

"Miaka arobaini hujawahi kunilalamikia."

"Ningekulalamikia saa ngapi? Ulikuwa zizini."

Wakacheka wote wawili. Kisha akafungua kabati, akachukua lile bomba la ng'ombe mwekundu lililobaki nusu, akaliminyia kwenye kidonda, akafunga kitambaa safi. Siku ya pili maumivu yakapungua. Akaacha. Siku ya sita mguu ulikuwa umevimba mpaka kifundoni, ngozi inang'aa, na mama ana homa ya kutetemeka.

Kitinda mimba wao alifanya kazi maabara ya hospitali. Alipofika nyumbani na kufunua kitambaa, hakupiga kelele. Aliuliza tu.

"Baba, umempaka nini?"

Mzee akaonyesha kabati kwa kidevu.

"Ya nani?"

"Ya yule mwekundu."

Binti akampeleka mama yake wodini, na akabeba pia kichupa cha maziwa ya ng'ombe mwekundu.

Siku tatu baadaye alimwita baba yake mlangoni pa maabara. Mkononi alikuwa na sahani mbili ndogo za plastiki zenye vifuniko, moja ya vijidudu vya kidonda cha mama, nyingine ya vijidudu vya maziwa ya mwekundu. Ndani ya kila moja kulikuwa na utando mweupe, na juu yake vikaratasi vya mviringo vimepangwa.

"Kila kikaratasi kina dawa yake, baba. Dawa ikiua vijidudu, unaona duara safi pembeni yake."

Mzee akainama, akakunja uso. Hakuona duara. Utando ulikuwa umesogea mpaka kwenye vikaratasi vyenyewe, kama maziwa yaliyomwagika.

"Ipi ya mama yako?"

"Niambie wewe."

Akazitazama muda mrefu. Hakuweza.

"Hata mimi nisingejua bila maandishi," binti akasema. Akagusa ukingoni mwa sahani zote mbili, pale kikaratasi kimoja kilipokuwa na duara jembamba. "Imebaki hii tu. Hapa kwetu haipo, mama anapelekwa hospitali kubwa. Daktari amesema watajaribu kuuokoa mguu. Amesema kujaribu, baba."

"Kama ningemaliza bomba lile la kwanza..."

Binti akazirudisha sahani ndani, akamwongoza uani.

Gari la wagonjwa lilikuwa linangoja. Mama alikuwa amelazwa kwenye machela, midomo imekauka, lakini ulimi mzima.

"Maziwa ya mwekundu usimpe mtu. Mwaga."

"Nitamwaga."

"Mwite bwana mifugo wa kweli. Na dawa umpe siku zote zilizoandikwa. Kusoma si unajua?"

"Najua, mama watoto."

"Haya. Nifunike miguu, nasikia baridi."

Mzee akaiangalia. Wa kulia ulikuwa mkavu, kisigino kimepasuka kwa maji ya zizini. Wa kushoto ulikuwa mviringo, mweusi, si wake. Akavuta shuka taratibu ikaifunika, mlango ukafungwa. Mkewe alirudi baada ya mwezi na nusu, kwa magongo. Siku ile ya machela ndiyo iliyokuwa mara ya mwisho kwa mzee kuiona miguu yake yote miwili.